UZI: Strudelkopf wakati wa theluji. Mlima wa kuanzia kwa sisi tulioko karibu na Alpi

MwanaMachame (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila ikifika Novemba huku Ulaya naona jambo moja kwa ndugu zetu: watu wanajifungia. Kazini, nyumbani, kitandani, mpaka Aprili. Ukimwambia mtu twende mlimani anakujibu theluji ina wenyewe, sisi ni watu wa jua. Mimi nimezaliwa Machame, Kibo tunaiona kutoka uani kwetu, na jibu hilo silikubali. Theluji inajifunzika kama kitu kingine chochote. Naandika uzi huu kwa walioko Munich, Innsbruck, Verona, Milano na miji ya jirani, kuhusu mlima mmoja tu ambao mtu asiyewahi kukanyaga theluji nje ya barabara za mjini anaweza kuupanda na kurudi mwenye furaha: Strudelkopf, ambao kwa Kiitaliano unaitwa Monte Specie, mita 2,307.

Kwa mtu wa Kilimanjaro kimo hicho ni kidogo. Mandara, kituo cha kwanza njia ya Marangu, iko mita 2,720. Kwa hiyo kuumwa kichwa na kutapika kwa sababu ya kimo, ondoeni mawazoni. Kinachobadilisha mchezo wote ni theluji, na ndiyo nitakayoizungumzia zaidi.

Mlima uko Südtirol, kaskazini mwa Italia, kwenye safu ya Dolomiti ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2009. Wenyeji wengi wa huko wanaongea Kijerumani, maana eneo lilikuwa la Austria mpaka baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Kutoka Munich au Innsbruck unachukua treni ya kuvuka milima pale Brenner, mpakani mwa Austria na Italia, unabadili Franzensfeste, unaingia treni ya bonde la Pustertal mpaka Niederdorf au Toblach, halafu basi la kuingia bonde la Prags. Mwisho wa bonde kuna mahali panaitwa Brückele, mita 1,491. Hapo barabara nyembamba inapanda msituni mpaka uwanda wa Plätzwiese, karibu mita 2,000. Mwenye miguu ya kazi aanzie Brückele, atapanda mita zaidi ya 800 kwa siku. Anayeanza apande basi dogo mpaka uwandani, zitabaki mita 300 na kidogo tu. Ratiba ya basi itazameni kabla, inabadilika kwa msimu.

Uwanda wenyewe ni mpana na mweupe, umezungukwa na miamba. Magharibi yake kuna Hohe Gaisl, mita 3,146, mwamba mwekundu ambao theluji haiwezi kuufunika wote kwa jinsi ulivyosimama wima. Mbele yako, kusini, Cristallo, mita 3,221. Unatembea kwa utulivu mpaka nyumba ya wapanda milima ya Dürrensteinhütte, mita 2,040, wanakouza supu na chai. Pembeni yake kuna magofu ya ngome ya mawe ya jeshi la Austria. Kuanzia hapo njia inageuka mashariki na kufuata barabara ya zamani ya kijeshi. Hii ndiyo sababu mlima huu ni mwepesi: barabara ilichongwa ili mizigo na mizinga ipite, kwa hiyo inapanda kidogo kidogo kwa kona, haikukabili kifua kwa kifua.

Halafu unatokea juu, penye msalaba mkubwa, na Drei Zinnen wako mbele yako. Wakuu, picha mmeziona kwenye kalenda. Haziwaambii ukubwa wake. Minara mitatu ya mwamba wa kijivu na manjano imesimama upande wa pili wa bonde, wa kati una mita 2,999, na ulipandwa mara ya kwanza mwaka 1869 na Paul Grohmann pamoja na waongozaji wake. Kati yako na minara hiyo kuna bonde la Höhlenstein, kina chake kinakufanya ushike fimbo vizuri. Ukigeuka unaona Tofana, unaona Dürrenstein, na upande wa kaskazini vilele vya mpaka wa Austria vimejipanga mpaka macho yachoke. Mwaka mzima nimekaa nikifikiria mahali pengine ambapo jasho dogo namna hii linalipwa hivyo, sijapata.

Raketi za theluji

Huu ni ubao wa plastiki ngumu au fremu ya alumini unaofungwa chini ya buti. Kazi yake ni kutawanya uzito wako ili usizame. Bila hizo kwenye theluji mpya unazama mpaka pajani na nguvu zinakwisha ndani ya nusu saa. Chini zina meno ya chuma ya kushika barafu. Vidole vya mguu vimefungwa, kisigino kiko huru. Kuna kijiti cha chuma unachokiinua nyuma ili kisigino kikae juu wakati wa kupanda, na hicho kinaokoa misuli ya nyuma ya miguu kuliko mnavyofikiri. Panua miguu kidogo usijikanyage. Kushuka, kunja magoti na uweke uzito katikati ya mguu, ukiegemea nyuma utakaa chini. Kitu ambacho raketi hazikipendi ni kukata mteremko mkali kwa ubavu. Maduka ya michezo ya kila kijiji huko yanakodisha, pamoja na fimbo zenye visahani vikubwa.

Maporomoko

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo kwangu ndilo uzi wenyewe. Mlima wa theluji unapandwa jioni ya kuamkia safari, ukiwa umekaa mezani na ramani.

Majira ya baridi, saa kumi na moja jioni, Tirol, Südtirol na Trentino hutoa taarifa moja ya pamoja ya hatari ya maporomoko ya theluji kwenye tovuti ya avalanche.report. Inakuambia daraja la hatari kuanzia 1 mpaka 5, inakuambia kimo gani na upande gani wa mlima una shida, na shida yenyewe ni nini: theluji mpya, theluji iliyosukumwa na upepo, tabaka dhaifu lililozikwa chini, au theluji yenye maji. Daraja la 3 watu hulichukulia kama wastani wa mtihani, nusu ya njia. Si hivyo. Hatari hukua haraka kuliko namba zenyewe, na vifo vingi katika Alpi hutokea siku za daraja la 3. Siku hizo mara nyingi anga ni la bluu, theluji imelala vizuri, kila mtu anataka kutoka.

Linaloua zaidi ni poromoko la bamba. Upepo unabeba theluji na kuishindilia nyuma ya ukingo, inashikana kuwa bamba zima juu ya tabaka legelege. Uzito wa mtu mmoja unatosha kulivunja, na likivunjika linaondoka lote kwa pamoja na wewe ukiwa juu yake. Miteremko ya kuogopa ni ya nyuzi 30 na kuendelea. Chini ya hapo bamba kwa kawaida halianzi kuteleza. Ramani nyingi za mtandaoni siku hizi zinapaka rangi kila mteremko uliozidi nyuzi 30, hakuna sababu ya kubahatisha. Ila angalieni: unaweza kuwa umesimama tambarare kabisa na mteremko mkali uko juu ya kichwa chako. Kinachokufikia hakijali wewe umesimama wapi.

Ndiyo maana kwa Strudelkopf nina msimamo. Daraja la 1 au la 2, napanda. Daraja la 3, nasoma kwanza shida iko upande gani na kimo gani, halafu nawauliza watu wa Dürrensteinhütte, kwa sababu baada ya nyumba ile njia inapita chini ya miteremko ya Dürrenstein, mkono wa kushoto. Wakisita, nakunywa supu yangu na kuzunguka uwandani. Daraja la 4 sipandi hata waseme nini. Na njiani, ukisikia theluji imetoa mvumo mzito chini ya miguu na kushuka kidogo, au ukaona ufa unakimbia kutoka kwenye raketi zako, huo ni mlima unaongea. Rudi kwa nyayo zako mwenyewe.

Tena Italia kuna sheria: tangu Januari 2022, anayetembea na raketi za theluji mahali penye hatari ya maporomoko lazima awe na vitu vitatu, kifaa cha kurusha na kupokea mawimbi ili aliyefukiwa apatikane, ufito mrefu wa kuchomea theluji, na beleshi. Usivibebe kwa kuogopa faini. Aliyefukiwa mwili wote ana nafasi nzuri ya kuishi kwenye dakika 10 za kwanza, kisha nafasi hiyo inaporomoka kwa kukosa hewa. Helikopta mara nyingi haiwahi muda huo. Mwokozi wako ni huyo uliyeenda naye, kwa hiyo nendeni na mtu aliyefanya mazoezi ya kutumia vifaa hivyo, na nyinyi mfanye mazoezi kabla.

Namba ya dharura ni 112. Pasipo mtandao, ishara ya mlimani ni sita kwa dakika, kwa tochi, filimbi au sauti, unapumzika dakika moja, unarudia.

Karibuni kwa maswali.

---

Pwani_Oslo

Asante kaka kwa uzi wenye nyama. Nakazia moja kuhusu nguo, kwa sababu huku Norway nimeona wengi wakikosea: fulana ya pamba iacheni nyumbani. Ukipanda unatoka jasho, pamba inalishika, ukisimama kileleni inakuwa barafu mgongoni. Vaa sufu nyembamba au ile ya michezo karibu na mwili, juu yake sweta, juu kabisa koti la kuzuia upepo. Uanze kutembea ukiwa unasikia baridi kidogo. Ukianza ukiwa na joto, umevaa kupita kiasi.

Na upepo msiudharau. Nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi inahisi kama nyuzi 21 chini ya sifuri.

MwanaMachame

Dada umenena. Januari asubuhi pale uwandani kipimajoto mara nyingi kiko kati ya 5 na 15 chini ya sifuri. Mimi nabeba glavu jozi mbili na boshori la akiba, pamoja na koti nene la kuvaa kileleni tu. Chai ya tangawizi kwenye chupa.

Mfanyakazi_Stuttgart

Mkuu, kwa heshima zote, mimi nakupinga. Nafanya zamu za usiku, wiki yangu ina siku mbili za kupumua. Unataka nitoke kitandani alfajiri, nilipe treni, nikodi vifaa, niende mahali ambapo umesema mwenyewe mlima unaweza kunifukia? Waliozaliwa huko wanakwenda kwa sababu babu zao walikwenda. Sisi kuna ubaya gani tukikaa ndani tukapika pilau na ndugu zetu?

MwanaMachame

Kaka, pilau na ndugu sina neno nalo. Nakujibu kwa hali yangu. Baridi ya huku haikunisumbua kama giza lilivyonisumbua. Nilikuwa natoka kazini jua limeshazama, naingia kazini halijachomoza, na kufikia Februari sikuwa na hamu ya kuongea na mtu. Sasa sikia: miezi hiyo miji ya mabondeni inafunikwa na ukungu siku baada ya siku, na mara nyingi ukipanda mpaka mita 2,000 unakuwa umeshautoka ukungu, uko juani, mawingu yako chini yako. Mwili wangu ulilijua jua lile. Hilo ndilo linalonitoa kitandani. Hatari sikuificha kwa sababu sitaki mtu aende kwa kushawishiwa. Ila kuna siku nyingi tu za daraja la 1 na la 2, na kuna njia za nyuzi 15 ambazo hakuna mteremko mkali juu yake. Hata ukiishia Plätzwiese uwandani bila kilele, umeshapata jua.

Mfanyakazi_Stuttgart

La giza umenigusa. Nitafikiria.

Mgumu_Mstaafu

Nipo Moshi, nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka mingi kabla magoti hayajagoma. Nimesoma yote. Baridi ya usiku pale Kibo naijua, mita 4,700, lakini theluji ya kuzama mpaka pajani siijui, kwetu unakanyaga kokoto na vumbi la volkano. Nauliza: huko kuna wagumu wa kubeba mizigo?

Halafu wadogo zangu msisahau, watu wa milima hiyo na sisi tunajuana zamani. Ludwig Purtscheller aliyefika kileleni Kibo na Hans Meyer tarehe 6 Oktoba 1889 alikuwa mpanda milima wa Austria, mzaliwa wa Innsbruck. Simulizi za Marangu zinamtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza.

MwanaMachame

Shikamoo mzee. Hakuna wagumu. Kila mtu na begi lake, na kwa siku moja begi ni dogo. Waongozaji wapo, wamesomea na wana leseni, na anayeanza namshauri alipie mwongozaji wa kundi walau safari ya kwanza.

Na umenikumbusha jingine. Reinhold Messner, mzaliwa wa Brixen, mji ulio jirani na Franzensfeste tunapobadilia treni, mwaka 1978 alipanda ukuta wa Breach pale Kibo, yeye na Konrad Renzler. Wazee wa Machame bado wanauonyesha ukuta ule kwa kidole na kutikisa kichwa.

Mgumu_Mstaafu

Marahaba. Ukuta ule mawe na barafu vinaanguka muda wote. Mtu akiupanda namvulia kofia.

Historia_Kwanza

Ile ngome na barabara ya kijeshi vinahitaji neno zaidi. Italia iliingia vitani dhidi ya Austria Mei 1915, na mstari wa mbele ukapita kwenye vilele hivyohivyo. Monte Piana, unaouona ng'ambo ya bonde kutoka Strudelkopf, majeshi mawili yalikaa juu yake kwa miaka, kila upande umechimba mahandaki. Theluji iliua askari wengi sana. Tarehe 13 Desemba 1916, kule mlima Marmolada, poromoko moja liliifunika kambi ya Waaustria na kuua takriban watu 270 waliokuwa wamelala.

Mwaka huohuo, Februari na Machi, vita ileile ilikuwa Salaita na Latema karibu na Taveta, chini ya Kilimanjaro, na wapagazi wetu wakifa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Ukisimama penye msalaba ule, fikiria vijana wa huku na wa kule waliopelekwa kufa milimani kwa amri za watu waliokaa mbali.

MwanaMachame

Asante mkuu. Wenyeji wanasema msalaba wenyewe uliwekwa na waliorudi vitani wakiwa hai. Mahandaki kiangazi yanaonekana vizuri, majira ya baridi yanajaa theluji, kwa hiyo msiache njia kuu na kukatiza ovyo kileleni.

Mama_Verona

Habari kaka. Nina kijana wa miaka tisa, anapenda sana kutembea. Anaweza? Na ngozi zetu nyeusi zinahitaji mafuta ya jua kweli, au hayo ni ya wenye ngozi nyeupe?

MwanaMachame

Njema dada. Mtoto wa miaka tisa kutoka Plätzwiese mpaka Dürrensteinhütte na kurudi, bila wasiwasi siku ya hewa nzuri. Kilele namwachia akue kidogo, au mwende naye siku ya daraja la 1 na muwe watu wazima wawili. Raketi ndogo za watoto zinakodishwa. Watoto wanapoa haraka wakisimama, kwa hiyo mapumziko yawe mafupi na ya mara kwa mara, na umguse vidole mwenyewe, usitegemee akuambie.

Mafuta pakeni wote. Theluji mpya inarudisha zaidi ya nusu ya miale ya jua, inakupiga kutoka chini, puani na chini ya kidevu. Weusi wa ngozi unasaidia kiasi lakini midomo inapasuka, na macho hayana weusi wa kuyakinga. Miwani ya jua yenye kufunika pembeni ni lazima kwa mtoto kuliko kwa mtu mzima. Macho yakiungua unasikia usiku, kama yamejaa mchanga, na siku nzima huwezi kufungua.

Kijana_Graz

Kaka nina maswali mawili ya haraka. Taarifa ya maporomoko iko kwa lugha gani? Na kuna wanyama wa kuogopa?

MwanaMachame

Kijerumani, Kiitaliano, Kiingereza na nyingine kadhaa. Ina picha na rangi, ukiizoea wiki moja unaielewa.

Wanyama wa kuogopa hakuna, wao ndio wanatuogopa. Eneo lote ni hifadhi, Fanes-Sennes-Prags. Majira haya swala wa milimani na ndege wa theluji wanaishi kwa kubana nguvu, chakula hakipo. Kuna ndege wanajizika ndani ya theluji mchana kutwa kutunza joto. Ukipita msituni nje ya njia ukawashtua, wanapoteza nguvu ambazo hawawezi kuzirudisha mpaka majani yaote. Kaeni kwenye njia. Na msikanyage mifereji iliyochongwa kwa ajili ya wanaoteleza kwa ski, tembeeni pembeni yake.

Mfanyakazi_Stuttgart

Nimerudi. Februari nina siku nne mfululizo. Mnaondoka saa ngapi, na mnarudi saa ngapi?

MwanaMachame

Karibu sana kaka. Tunalala Toblach au Niederdorf, tunachukua basi la asubuhi. Kileleni tuwe kabla ya saa saba mchana, na saa tisa na nusu tuwe tumeshuka uwandani, maana jua likijificha nyuma ya Hohe Gaisl baridi inashuka papo hapo. Tochi ya kichwani kila mtu abebe hata kama hataitumia.

Mwenye nia ya Februari aandike hapa chini mji aliopo na namba ya buti zake, nitauliza raketi dukani kwa pamoja. Tarehe naitaja, ila kwenda au kutokwenda kileleni tutaamua saa kumi na moja jioni ya kuamkia siku hiyo, taarifa ikitoka.